Fyuzi hatoi funguo kabla ya gia ya tatu

Saa mbili asubuhi, kichwa chake kiko chini ya usukani, miguu imetokeza nje ya mlango wa gari, na kiatu kimoja kinapigapiga sakafu. Hata akilala chali hatulii.

"Mulika," anasema. Tochi inawashwa. "Unanimulika mimi wa nini? Mulika klachi."

Anayeshika tochi ni mdogo wake, dereva wa mbio za magari. Aliye chini ya usukani ni fundi umeme, mama wa watoto wawili. Wateja wamembandika jina la Fyuzi, kwa kuwa akisikia upuuzi hukata mazungumzo papo hapo.

Leo anafunga kisanduku kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Dereva akikanyaga klachi na mafuta pamoja kwenye mstari wa kuanzia, kisanduku huzuia injini isipite mizunguko elfu nne kwa dakika. Akiachia klachi, kizuizi huondoka na gari huchomoka, badala ya magurudumu kusugua lami bure.

Mbio ni mchana huu huu. Mdogo wake ameachwa kwenye mstari mashindano mawili mfululizo, na mwenye gari amesema akiachwa tena, kiti ni cha mwingine.

"Hana utani yule," anasema dereva. "Huyo mwingine keshashonewa hadi ovaroli."

Fyuzi aliingia gereji kama mfagiaji. Akawa anashikia mafundi taa, kisha anawaambia waya upi umekatika, mwisho wakamwachia koleo. Kazi za mbio ni chache, kwa hiyo siku nyingi hutengeneza honi na vipangusa vioo.

"Honi zinasomesha wanangu," anasema. "Mbio zinanisomesha mimi."

Anakwangua rangi kwenye bodi hadi chuma king'ae, anakaza hapo waya wa athi wa kurudishia umeme, anauvuta kuujaribu, anaondoka, anarudi kuuvuta tena. Mama yao mzazi, aliyeleta chai, anamtazama akipita na kurudi.

"Hicho kidude kinaongeza mwendo au kinapunguza?" anauliza mama.

"Kinazuia, mama."

"Basi mfungie viwili."

Injini inawashwa. Dereva anakanyaga klachi na mafuta. Mshale wa mizunguko unapanda hadi elfu nne na kugoma hapo, huku bomba likitoa milio kama bisi zinazopasuka. Dereva anacheka peke yake. Fyuzi anazima injini na kuchomoa funguo; mdogo wake ananyoosha mkono apewe, aende zake.

Fyuzi anazifumbata. "Gari limesimama. Utashinda ukiwa umesimama?"

"Dada, muda."

"Gia ya tatu kwanza. Sogea."

Wanatoka barabara ya nyuma ya gereji, Fyuzi kwenye usukani. Gia ya kwanza inakwenda vizuri. Anapokanyaga klachi kuingiza ya pili bila kuachia mafuta, injini inakabwa, bomba linapiga risasi, gari linapoteza nguvu katikati ya barabara. Lori la mitungi ya gesi linawapita kwa honi ndefu, na dereva wake ana maneno yake.

Fyuzi anaegesha pembeni. Anamgeukia mdogo wake.

"Umegusa nini tangu nilipopima nyaya juzi?"

"Sijagusa kitu."

Fyuzi anaweka kidole kwenye tundu tupu la dashibodi.

"Nimetoa saa ya mwendo tu. Napunguza uzito."

"Na mwendo ungeusoma wapi?"

"Kule hakuna trafiki, dada."

Kumbe hapo ndipo penye kasoro. Kisanduku lazima kijue kama gari limesimama au linakwenda, na habari hiyo ilikuwa ikipitia kwenye saa ya mwendo. Saa ilipong'olewa, kila klachi ilipokanyagwa kisanduku kilidhani gari liko kwenye mstari wa kuanzia. Mchana, kukiwa na magari sita nyuma yake, gari hilo lingekabwa hivyo hivyo.

Wanarudi. Fyuzi anaingia uvunguni, anavuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye gia boksi, hapo penye kifaa kinachohesabu mwendo. Anaulehemu, anaufunika, anaubana mbali na bomba la moto. Mama anapoelezwa chanzo, anamtazama mwanawe wa mwisho kuanzia kifuani hadi tumboni.

"Uzito ungeanza kuutoa kwenye chapati za asubuhi."

Safari ya pili wanafika gia ya nne. Fyuzi anashuka na kumtupia funguo.

"Ukishinda, usinipigie simu unalia."

Gari linatoka getini. Mama anamwita anywe chai, imepoa, lakini yeye kasimama, sikio kalielekeza barabarani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, bila kukwama. Hapo ndipo anapofuta mikono.

Hataenda kutazama, amejaribu mara moja, akashindwa kukaa kitini. Badala yake anakwenda pembeni mwa ua na kuvuta turubai. Chini yake kuna bodi ya gari dogo bila injini, milango imeshapigwa msasa. Analijenga kila honi zikimpa nafasi. Ameahidiwa injini kuukuu na mteja, na msimu ujao anataka kuliandikisha kwenye mbio.

Nani ataliendesha?

"Mimi," anasema, tayari ameshaingiza kichwa ndani. "Mdogo wangu atashika tochi. Na dashibodi yangu haigusi mtu."