Makaroni ya Mwisho wa Mwezi

Baba yangu alikuwa mtu wa kuchagua chakula, na mtu wa aina hiyo asiyeingia jikoni ni adhabu kwa nyumba nzima.

Alifanya kazi Nairobi kwa familia ya wazungu, na sisi huku Mitaboni tulijua ni dereva wao. Ndivyo alivyotuambia, na ndivyo mama alivyowaambia wenzake sokoni, kifua mbele. Kila mwisho wa mwezi baba alikuja, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaanza. Eti kwa mzungu wanakula makaroni na chizi. Eti kwa mzungu chakula kinateleza chenyewe, si haya mawe yenu. Mawe yenyewe ni muthokoi, mahindi ambayo mama aliyatwanga hadi maganda yakatoka, akayachemsha na maharagwe kutwa nzima kwa maji aliyobeba mgongoni.

Mama akasema sawa, atapika hayo makaroni. Hakuwa anatafuta sifa. Alitaka siku moja tu mume wake amalize sahani nyumbani kwake bila kumtaja mzungu.

Baba akaleta pakiti ya makaroni na kipande cha chizi kilichofungwa kwa karatasi. Mama alikinusa, akanitazama, akaamini kimeoza lakini akaogopa kusema. Makaroni nayo aliipika kwa njia aliyoijua, ile ya muthokoi: aliibandika Jumapili asubuhi, akasukuma kuni, tukaenda kanisani. Tuliporudi sufuria ilikuwa uji. Baba alichota kijiko kimoja, akakiinua, uji ukadondoka wenyewe, akauliza ni mgonjwa gani anayelishwa hapa. Halafu akacheka. Ule mcheko wake nauchukia mpaka leo.

Mama hakukata tamaa. Safari nyingine alimwaga unga wa ngano kwenye maziwa ya moto ili apate rojo la kuteleza, ukafanya madonge. Safari nyingine chizi ilikatikakatika ikawa nyuzi, mafuta yakaelea juu. Alimwuliza baba, kwa upole kabisa, kama amewahi kuona huko kazini wanafanyaje.

"Mambo ya jikoni nitayajulia wapi?" baba akamjibu. "Mimi ni mwanamke?"

Akanyoosha miguu, akaendelea kumtazama mama akitokwa na jasho mbele ya moto.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa sayansi kimu alitufundisha sosi nyeupe: unayeyusha majarini, unakaanga unga humo kidogo, unatia maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Nilikaa darasani nikimwaza mama tu. Wakati huo baba alikuwa ameshahamia Mlolongo, alituambia ni chumba cha kupanga karibu na kazi, na miisho ya mwezi ilikuwa imeanza kupita bila yeye.

Likizo ya Agosti tukapika. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wetu, chizi mama aliifuata mwenyewe Machakos mjini. Sosi ikatulia bila donge hata moja, tukatia chizi, tukachanganya na makaroni, tukafunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko kama watu wanaooka keki. Tulipofunua, juu kulikuwa kumepiga wekundu. Mama alionja akafumba macho.

"Hii hata yeye atamaliza," akasema.

Akafunga sufuria kwa leso na kunituma niipeleke Mlolongo.

Harufu ya chizi nilikutana nayo kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Baba yangu alikuwa amesimama mbele ya jiko, amejifunga taulo la jikoni kiunoni, mkono mmoja unakoroga kwa mwiko, mwingine unamimina maziwa, na macho hata hayako kwenye sufuria. Kwenye kochi alikaa mwanamke nisiyemjua na watoto wawili wakisubiri sahani. Mmoja alimwita baba. Basi nikaelewa.

Mwanamke mwenyewe alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akaniuliza baba akija kwetu huwa anatupikia nini. Nikamwambia baba hapiki, ni dereva.

"Dereva? Huyu?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hata baiskeli hajui. Huyu ni mpishi wa wazungu tangu nimjue."

Baba hakuinua uso. Alifungua sufuria yetu, akaonja kwa ncha ya kijiko, na kwa sauti ya mtu aliye kazini akasema, "Mwambie mama yako aepue kwanza, ndiyo atie chizi. Ikichemka inakatika."

Basi. Maneno mafupi ambayo miaka yote angeweza kumwambia mama hata akiwa amesimama mlangoni. Nilifunga leso yetu, nikabeba sufuria yetu, nikatoka bila kuaga.

Mama aliuliza kama baba amemaliza. Nilimwambia yote, yule mwanamke na watoto wake, na taulo. Kuhusu mwanamke hakuuliza kitu, nafikiri alikuwa ameshajua kitambo. Alikaa na ile sufuria mapajani.

"Miaka yote hiyo," akasema, "amekaa pale, na anajua."

Sasa mimi ni mtu mzima, na najua kwetu mwanaume mpishi angechekwa soko zima. Lakini si angemnong'onezea mama tu? Hapana. Aliona heri achekwe mama, tena na yeye mwenyewe awe wa kwanza kumcheka.

Krismasi alikuja. Ndugu yake mdogo alikuwa amekuja kumsalimia, wakaketi, mama akawapakulia muthokoi. Baba akasukuma sahani pembeni, akauliza kama nyumba hii makaroni imeisha.

Mama alipangusa mikono taratibu.

"Iko," akasema. "Chizi iko, maziwa yapo. Na jiko ni lile pale, baba watoto."

Baba mdogo alicheka, akidhani ni utani. Baba akalitazama jiko, akamtazama ndugu yake, kisha akanitazama mimi. Akavuta sahani yake. Aliyatafuna yale mawe mpaka yakaisha, na sikumhurumia hata kidogo.