Mume wa Dobi wa Walstraat

Wilmina Nijkamp wa mtaa wa Walstraat, mjini Deventer, hajawahi kuwa dobi hata siku moja. Alifanya kazi katika duka la miwani mpaka akastaafu, na nguo zake hufuliwa na mashine kama za watu wengine wote. Lakini kila Desemba, mwisho wa wiki ule ambao mtaa mzima huvaa mavazi ya mababu na wageni humiminika kutoka kila upande, dobi ni yeye. Hufunga kamba kutoka dirishani kwake hadi dirisha la ng'ambo, akaanika suruali za ndani za kizamani, pana kama mashuka, kisha akakaa mlangoni na beseni lake kuwatukana wapita njia. Wapo wanaosafiri kutoka mbali ili watukanwe naye.

"Wewe wa skafu nyekundu! Mkeo anajua umetoka nyumbani na kola chafu hivyo?"

Mgeni huangua kicheko, akarushiwa maji kidogo, akaenda zake roho kwatu.

Mumewe, Evert, alikuwa mlinzi wa usiku: kofia ndefu nyeusi, koti la kufika visigino, taa mkononi. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka mtaa akitangaza kwamba usalama upo, hata kama ni mchana kweupe. Na mtaani kulikuwa na sheria moja tu: mbele ya wageni, hakuna kuacha kuigiza. Mwaka mmoja jirani aliyeigiza ombaomba mlangoni pa kanisa aliteguka mguu kweli, akalia mpaka jioni kwa maneno ya karne ya kumi na tisa, na alichuma sarafu nyingi kuliko wakati wowote.

Sasa, Walstraat ni watu wa kusema wazi. Ukinenepa, jirani atakuambia kabla ya mizani. Lakini kuna jambo Wilmina alilikalia kama kuku anayeatamia. Kwa miaka miwili akili ya Evert ilikuwa inavuja. Yalianza kupotea majina, zikafuata njia. Wilmina akawa anamtilia majina mdomoni, anajibu maswali aliyoulizwa Evert, na wakikutana na mtu anamshika mkono na kumvuta: "Twende, tumechelewa." Wamechelewa wapi, wastaafu wawili?

Aliyejua ni binti yao peke yake, Annelien, anayekaa mji wa jirani wa Zwolle. Naye alijua kwa sababu mwezi wa kumi Evert alivuka mto kwa pantoni, akakutwa ng'ambo ya pili hakumbuki alichofuata.

"Mama, akipotea tena mara moja tu, tunamtafutia nafasi nyumba ya wazee," Annelien alisema. "Sisubiri mpaka aingie majini."

Wilmina aliitikia kwa kichwa. Usiku ule alilala amemshika mumewe mkono wa pajama.

Desemba ilipofika alijaribu kumwacha Evert ndani. Wapi! Alipoiona kofia yake tu, alisimama kwenye kioo akajinyoosha koti, uso umemng'aa. Wilmina akakosa moyo wa kumvua. Akamweka kwenye kigoda kando ya beseni.

"Kaa hapa. Usiondoke."

"Niende wapi na baridi hii?" Evert alisema, na kweli alikaa. Jumamosi nzima alikaa, na Jumapili asubuhi pia.

Jumapili mchana lilikuja kundi kubwa la Wajerumani, wachangamfu, wenye vikombe vya mvinyo moto mkononi, na Wilmina akanogewa. Alimshambulia mmoja mwenye kitambi mpaka watu wakashika mbavu. Walipomaliza kumpigia makofi akageuka. Kigodani hapakuwa na mtu, taa tu imewekwa juu yake.

"Evert?" Aliliacha beseni. "Evert! Uko wapi?"

"Ameukimbia mdomo wako, mama!" mtu alimjibu, na umati ukacheka.

Wilmina alijipenyeza katikati yao, maji yakichuruzika kwenye aproni. "Mmemwona mume wangu? Mzee, ana koti refu la kizamani."

"Mama, hapa kila mtu ana koti refu la kizamani!"

Wakacheka tena, na simu zikainuliwa kumpiga picha. Alipiga kelele, wakafurahi zaidi. Machozi yalipomtoka, bibi mmoja alimgusa mwenzake kiwiko: "Hebu mtazame huyu. Machozi ya kweli kabisa!" Akapiga makofi. Wilmina alitamani kumtumbukiza mzima mzima kwenye beseni.

Chini ya mtaa alisimama jirani yake, Tonnie, aliyevaa kama polisi wa kale, na sharubu za gundi. Wilmina alimkimbilia. Tonnie, mtu wa sheria za mtaa, akajipigapiga kifua.

"Bi Dobi! Mumeo katoroka? Ningekuwa yeye, ningeshafika Uhindini!"

Mficha maradhi, kilio humfichua, wasemavyo wahenga. Na Wilmina hakungoja kilio kifike. Aliivua kofia yake ya kidobi mbele ya wageni wote, nywele zake fupi za mvi zikabaki wazi. Akaikamata kola ya Tonnie.

"Tonnie, siigizi. Evert ana ugonjwa wa kusahau. Hajui njia ya nyumbani. Amepotea, na mto ule pale."

Tonnie alimtazama machoni. Kisha akazibandua sharubu.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili? Na mimi namnunia! Namsalimu haitikii, nikasema huyu kaanza maringo uzeeni." Uso ulimwiva. "Ungesema, Wilmina! Kwa nini hukusema?"

Hakungoja jibu. Alipuliza filimbi mara tatu na kutoa tangazo kwa sauti ya kawaida, na mtaa mzima ukaacha kuigiza. Bibi tajiri wa nyumba ya kona alikunja gauni hadi magotini akatimka kuelekea mtoni. Msafisha mabomba ya moshi alitoa simu kwenye ndoo yake ya masizi. Wanakwaya walikata wimbo katikati ya ubeti. Wageni waliona hilo ndilo igizo bora la siku, wakalipiga picha kwa bidii.

Wilmina naye aliomba simu, akampigia binti yake kabla woga haujamrudia.

"Annelien, baba yako amepotea. Nimeona nikuambie mwenyewe."

"Nakuja, mama."

Simu ya msafisha mabomba ndiyo iliyoleta habari. Evert alikuwa langoni, nje ya mtaa, kwenye foleni ya wageni wanaongoja kuingia.

Watu wa Deventer wakiona foleni hujiunga kwanza, sababu wataijua mbele ya safari. Alikuwa ameanzia mkiani kabisa, akasogea hatua kwa hatua na kofia yake ndefu, na waliomzunguka walidhani amewekwa pale kuwachangamsha. Walikuwa wamemnunulia kikombe cha chokoleti ya moto na maandazi ya mafuta. Sukari ilikuwa imemjaa kidevuni. Wilmina alipomwona mzima, alimkimbilia, Tonnie nyuma yake.

"Evert! Nimekutafuta mtaa mzima!"

"Taratibu, bibi," Evert alisema kwa adabu. "Usiruke watu. Panga foleni kama wenzako."

Wilmina alimfuta sukari kidevuni. "Unangojea nini?"

"Namngojea mke wangu. Anaigiza dobi humo ndani. Miaka yote nami nilikuwa kazini, sijapata kumtazama hata mara moja." Akainama amnong'oneze. "Wanasema ana mdomo, yule!"

Wilmina alicheka na kulia kwa pamoja, hajui kipi kimetangulia. Tonnie alimshika Evert mkono. "Mimi naingia naye," alisema. "Na kuanzia wiki hii, Jumanne na Alhamisi tunacheza karata kwangu. Wewe nenda kazini."

Wilmina akaenda. Alivaa kofia, akapiga magoti mbele ya beseni, na alipoinua macho Evert alikuwa mstari wa mbele.

"Wewe mlinzi wa usiku! Jua halijatua, umetoka kumlinda nani?"

Evert alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akamgeukia Mjerumani wa jirani, kifua mbele. "Ndiye huyo! Ndiye wangu!"

Alikuwa bado anacheka Annelien alipofika anahema, maneno ya nyumba ya wazee aliyoyapanga njiani yakiwa tayari kinywani. Alimtazama baba yake, akamtazama Tonnie aliyemshika mkono, akamtazama mama yake. Akamgusa baba bega.

"Baba, baridi. Twende zetu."

"Nenda wewe," Evert alisema, bila kuyatoa macho kwa dobi. "Mimi nimepanga foleni. Siendi popote."

Annelien aliyameza maneno yake yote, akasimama nyuma ya baba yake kungoja zamu yake ya kutukanwa.