Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Ipo siku ninayoikumbuka kila nikisikia maneno kama haya uliyoniletea leo, mwanangu. Umekabidhiwa hoteli uisimamie, halafu wanataka mwanamume asimame mlangoni apokee wageni badala yako. Kaa nikusimulie, maana umenipandisha hasira.

Nilikuwa bado msichana, nimekulia Bukavu, ndiyo kwanza nimerudi nchi ya wazazi wangu, ng'ambo ya ziwa. Hoteli yetu ilikuwa ya kwanza upande ule wa ziwa, na mimi mwanamke wa kwanza kuishika. Watu walikuja kunitazama tu, kama wanaotazama gari jipya. Niliwaacha watazame.

Basi tukapata sherehe ya mahari. Wazee wa upande wa binti walishuka kutoka Gitambi, kule milimani, na kofia zao na fimbo zao. Patroni, mwenye mali, alitaka mambo ya Ulaya: bia zifunguliwe kaunta, ziletwe juu ya trei. Nilimkataza, hakunisikia. Unajua desturi yetu: chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba, yule anayekaribisha, huonja kwanza ili moyo wa mgeni utulie kwamba hakuna sumu. Wazee waliziona zile chupa wazi, hakuna aliyenyoosha mkono. Mkubwa wao akashika fimbo yake ainuke. Sherehe ingevunjika pale pale, na kazi yangu ingekwenda nayo, kwani lawama ingekuwa yangu.

Patroni akanivuta pembeni. "Maman, bakia ku cuisine. Mutoto wa ndugu yangu atavaa kravati, aseme yeye njo jeranti. Bale bazee habawezi kunywa bintu bya mwanamuke."

Masikio yaliniwaka moto. Mimi nijifiche jikoni, kijana ajiite meneja! Nilibeba kreti ya bia ambazo hazijafunguliwa, nikampita yule kijana akihangaika kufunga kravati shingoni, nikaitua miguuni pa yule mzee mkubwa.

"Mwenye nyumba njo nani hapa?" akauliza.

"Njo mimi, mzee."

"Bwana yako iko wapi?"

"Sina bwana. Niko na hii nyumba."

Nikafungua chupa mbele yake, nikanywa funda moja bila haraka, huku nimemkazia macho. Najua, msichana hamkazii mzee macho. Siku ile nilimkazia. Kisha nikampa chupa kwa mikono miwili. Aliishika kitambo, nikadhani ataimwaga. Akanywa.

"Mukunywe," akawaambia wenzake. "Mwenye nyumba ameonja."

Habari ya kravati haikurudi tena, na nyumba ile niliishika mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kwa hiyo, mwanangu, heshimu wazee, wape kwa mikono miwili, lakini usikubali mtu mwingine aonje kwa niaba yako. Kazi yako ifanye mbele ya macho ya watu. Wakikutuma jikoni, pita katikati yao uende kwa wageni.

Sasa nenda. Mungu aishike mikono yako isitetemeke, na kila atakayeuliza mwenye nyumba ni nani, akukute umesimama mlangoni.