Nguvu za Maji

Jambo lile lilinigharimu safari saba za Lushoto, mbuzi mmoja, shemeji mmoja na kipande changu pekee cha bondeni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili safari zilifika nane, maana ipo moja niliyokuta ofisi imefungwa.

Kijiji chetu kiko juu, njia ya Mtae. Wakati ule wa ujamaa tulikuwa na kijito chenye maporomoko mazuri, lakini mahindi yalishuka kichwani hadi mashine ya watu wengine na kupanda tena yakiwa unga. Fundi mmoja kutoka misheni ya Rangwi akatuambia maji yale yanaweza kuzungusha mashine na kuwasha taa za zahanati. Kilitakiwa kiwanja tambarare tu. Huku kwetu tambarare ni nadra kuliko meno ya kuku, na iliyokuwapo ilikuwa yangu, imejaa kabichi. Nikakiachia kijiji kwa sharti moja: mradi usipokuja, shamba linarudi.

Kijito kilitoka ndani ya msitu wa serikali. Bwana misitu akasema, "Nionyesheni fungu la fedha kwanza, nisije nikaruhusu mfereji usio na mwenyewe." Karani wa wilaya kule Lushoto, nilikotumwa na kijiji, naye akasema, "Kibali kwanza. Fedha za umma hatuzimwagi mtoni."

Kijiji kikapasuka. Wa juu, penye chemchemi, wakiwa na mwenyekiti, wakawa watu wa Kibali. Wa chini, wakiongozwa na shemeji yangu, wakawa watu wa Fungu. Nchi nzima chama kilikuwa kimoja. Sisi tukawa na viwili. Hata msibani kila upande ulikuwa na sufuria yake ya maharage.

Siku ya kuandika barua ya pamoja kwenda wilayani, mwenyekiti alitaka neno "umeme". Shemeji akataka "mashine ya kusaga".

"Mkiandika umeme, bwana misitu ataona nguzo zinamwotea msituni!" shemeji alisema.

"Na tukiandika mashine, mgosi, watatuuliza vinu vyetu vimeliwa na mchwa?" mwenyekiti akamjibu.

Jua likapinduka. Mimi sokoni kazi yangu ni kukutanisha bei, na kukaa kimya kulikuwa kunaniwasha. Nikasema, "Jamani, andikeni 'nguvu za maji'. Umeme umo, mashine imo." Pande zote zikapiga makofi. Nikatoka nikijiona nimeuza kabichi za juzi kwa bei ya asubuhi.

Tangu hapo sikutulia. Kila gari lililonguruma mlimani nililikimbilia ukingoni, na kila lililopita nililihesabu kama deni. Siku lori lilipokata kona kuja kwetu, nikachinja mbuzi kabla halijazima injini.

Turubai likafunuliwa. Machepeo.

Barua ilisomwa mbele ya watu: wilaya inakipongeza kijiji kwa mradi wake wa nguvu za wananchi, kwa kuwa nguvu mnazo, fungu halihitajiki, mnaletewa vifaa vya kuchimbia, machepeo ishirini. Nikayahesabu. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

"Lile neno lilikuwa la nani?" shemeji akauliza. Watu wa Fungu wakanigeukia, watu wa Kibali wakanigeukia. Sijawaona wakikubaliana hivyo kabla wala baada. Shemeji alikula mbuzi wangu, akafuta mikono, na hadi leo tukikutana njiani hutazama miti.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Mashine haikuja. Nimefuata shamba langu."

"Marahaba. Machepeo yatalala wapi? Tunajenga stoo pale."

"Na sharti letu?"

"Ulisema mradi usipokuja. Mradi umekuja, mwanangu. Umekuja kwa jina ulilolitoa mwenyewe."

Stoo ingali pale. Machepeo yalishaisha zamani. Ndani wanalala popo, na nje, chini ya ukuta, kabichi zinajiotea bila mtu kuzipanda. Nataka kuandika barua ya kurudishiwa shamba. Karatasi ninayo, na nauli ya safari ya tisa ninayo. Wewe uliyewahi kukaa ofisi hizo, nishauri: nitumie neno gani? Safari hii sithubutu kulichagua mwenyewe.