Bangili Yenye Mguu Ndani

Jumamosi nilipeleka mkufu uliokatika kwa sonara mmoja hapa Isiolo. Nilimkuta mama kutoka Merti akimchagulia binti yake bangili ya harusi. Aliinua moja, akaigonga kwa ukucha.

"Hii silva ni ya Dubai?"

"Ni ya hapa, mama." Sonara akamwonyesha mtungi wa maji machafu, yale ambayo kliniki moja mjini husafishia picha za eksirei. Silva ya filamu hubaki humo. Yeye huitoa ikiwa matope meusi, kisha huyayeyusha hadi yang'ae.

Mama akairudisha bangili mezani kwa vidole viwili. "Yaani nivalishe bibi harusi maji ya wagonjwa?"

"Moto imemaliza yote. Imebaki silva."

Mama akauliza ni kliniki gani. Alipotajiwa, akainua dera kidogo na kutazama kovu kwenye mguu wake. "Hapo ndio walinipiga picha, ngamia aliponivunja."

Akaichukua bangili tena, mara hii kwa kiganja kizima.

Mteja mwingine akaingia, akaisifu, akauliza kama imetoka Dubai. Hapa kwetu kitu kikisifiwa, mwenyewe hupenda kusema kimetoka mbali. Mama hakumpa sonara nafasi ya kujibu.

"Ni ya Isiolo," akasema. "Iko na mguu yangu ndani."

Mimi pia niliwahi kuvunjika mkono na kupigwa picha pale. Siku hizi nikienda harusini, nazitazama bangili za maharusi kama mtu mwenye hisa.