Panga Nililopeleka Ukweni

Jamani, anayesema aibu haiui hajawahi kwenda ukweni Busisi akiwa na panga la zawadi kama nilivyokwenda mimi.

Kazi yangu ni ya tanuru, kwenye karakana moja ya mapanga na majembe pale Mkuyuni: nachoma chuma mpaka kiwe chekundu, nakizamisha kwenye oili kiwe kigumu, halafu nakirudisha kwenye moto mdogo, maana kisiporudishwa huvunjika kama glasi (hilo nalijua hata usingizini). Sasa Ijumaa ile bosi kaniruhusu nichukue panga moja, kesho yake natambulishwa kwa wazazi wa Mabula, mchumba wangu, yeye anapiga simu kila mara, saluni sijaenda, nikasema moyoni, aah, panga moja tu lisiporudi motoni, nani atajua? Nikalifuta oili, nikaondoka nalo.

Kesho yake mimi na Mabula tukafika kwao, tukakuta uani pamejaa wajomba na mashangazi, sufuria kubwa ya nyama inachemka, na baba yake Mabula yuko pembeni anakatakata mguu wa ng'ombe uliobaki. Nikapiga goti, "Shikamoo baba," nikampa panga.

"Marahaba. Umelitengeneza mwenyewe, mwanangu?"

Ningeitikia tu nikanyamaza! Lakini sifa zilinipanda kichwani. "Mimi mwenyewe, baba. Hata mfupa, wewe piga tu!"

Mzee akapiga.

Lilikatika katikati, ta! Vipande vikaruka, vingine chubwi ndani ya sufuria. Mama yake Mabula akachungulia, akasema taratibu, "Hii hailiki tena." Nyama yote ya wageni ikamwagwa, nami kwa kujitetea nikaropoka, "Samahani baba, sikulirudisha motoni, nilikuwa na haraka."

"Kwa hiyo ulijua?"

Wageni walipewa ugali na dagaa, wengine wakaaga na njaa zao, na shangazi mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Kama panga ni hivi, nyumba je?"

Mabula alinisindikiza hadi barabarani. Juzi kaniandikia: wazee wanasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini, hakusema, na mimi naogopa kuuliza. Nimeapa kitu nilichokiacha nusu hakitatoka tena mikononi mwangu, na nikisifiwa nitafunga mdomo. Ila kiapo hicho namwapia nani, wakati pale uani hakuna anayetaka kuniona tena?