Aliyeitwa Mara Mbili

Mwalimu Hilaria hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwahi kukutana na simba kwenye njia ya Usevya, yeye akiwa na baiskeli, simba akiwa na njaa yake. Akamwachia baiskeli akapanda mti, na simba alipochoka kunusa tairi akaenda zake. Jumatatu iliyofuata Hilaria alikuwa darasani kama kawaida, mbele ya watoto sabini na wawili wa darasa la tatu, ambao kwa maoni yake walikuwa wagumu kuliko simba. Lakini mwezi wa sita mwaka 1996, mjini Mpanda, mwanamke huyohuyo aliogopa kalamu nyekundu.

Barua ilikuwa imefika shuleni tangu masika. Mradi mmoja wa vitabu vya watoto ulikuwa unatafuta watu wenye hadithi, si maprofesa, watu wa kawaida tu. Watakaochaguliwa watakaa wiki mbili katika hosteli ya misheni pale mjini, watalala hapo na kula hapo, kazi yao kuandika tu. Hilaria alikuwa na madaftari manne aliyoyajaza kwa miaka mitatu bila kumwonyesha mtu. Akayatuma, akaitwa. Walikuwa kumi na mmoja, na waliambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba miswada miwili tu ndiyo itakayochapwa. Tangu siku hiyo ugali ulimkwama, na hata migebuka ya kukaanga, samaki ambao nyumbani angewapigania, aliwaacha nusu sahanini.

Hadithi yake ilikuwa ya binti aitwaye Dina, anayefiwa na mama yake akiwa na miaka miwili, akalelewa, akasoma, akawa mwalimu. Hilaria aliapa kwamba Dina siye yeye. Wenzake walijifanya wamemwamini, na mambo yakaenda vizuri.

Ndipo Jumatatu ya wiki ya pili Bwana Celestin, msimamizi wa warsha, akarudisha madaftari. Alikuwa mtu mpole, ametoka Dar es Salaam kwa treni, na upole wake ndio uliowatisha wote, maana hakuna aliyejua nyuma yake kuna nini. Hilaria alifungua daftari la kwanza amesimama. Ukurasa wa tisa, mama yake Dina alizikwa mvua ikinyesha. Ukurasa wa kumi na nne aliandika hivi: "Mama alikuwa anatwanga. Aliinua kichwa akaita, 'Dina, Dina! Leta maji.'" Pembeni pake kulikuwa na wino mwekundu: "Mama si amekufa uk. 9? Huyu ni nani?" Na lile jina la pili, Dina wa pili, lilikuwa limepigwa mstari katikati: "Marudio. Mara moja inatosha."

Minza, muuguzi wa zahanati aliyelala naye chumba kimoja, alichungulia begani kwake akaangua kicheko.

"Mwalimu! Kumbe nyie Wapimbwe wafu wenu wanatwanga? Sisi Wasukuma wa kwetu wakishakufa wanapumzika."

"Nyamaza wewe. Huyo ni mdogo wake mama."

"Sasa si useme?"

Mwenzake hakuwa na ubaya. Lakini Hilaria alikuwa amesema! Kwao mdogo wa mama ni mama. Mama akifa, mama yupo. Anatoka mmoja mlangoni anaingia mwingine, na mtoto anaendelea kuita vilevile. Ameandika kurasa mia moja na ishirini bila hata kufikiri kwamba kuna mtu duniani atapotea hapo.

Mchana alimfuata Bwana Celestin barazani, daftari kifuani.

"Dada Hilaria, mimi nimekuelewa sasa kwa sababu upo hapa unanieleza," alisema. "Lakini msomaji wako yuko Lindi. Hana wa kumuuliza. Weka tu 'mama mdogo', mambo yataisha."

Weka tu. Alisema hivyo kama mtu anayesema ongeza chumvi.

Hakujua, na angejuaje, kwamba neno hilo Hilaria alilitamka mara moja tu maishani. Alikuwa na miaka kumi na nne. Kisimani mwenzake mmoja, kwa hasira ya kugombea zamu, alimwambia, "Unaringa nini, yule si mama yako, mama yako alishakufa, yule ni mama mdogo tu." Akarudi nyumbani anawaka. Tereza, yule aliyemlea, alikuwa anamenya karanga. Alimtuma kuni, na Hilaria akajibu, "Ndiyo, mama mdogo." Tereza hakumpiga. Aliinuka akaziacha karanga hapohapo, kuku wakazila mbele ya macho yao wote wawili, na yeye akaingia ndani. Siku mbili hakumwita kwa jina. Siku ya tatu alimwita, kama alivyozoea kumwita siku zote, mara mbili mfululizo, na Hilaria akaitika mbio mbio, na neno lile halikutoka tena kinywani mwake. Wala hakuuliza chochote juu ya yule aliyekufa. Aliona kuuliza ni kulisema neno lilelile kwa mlango wa nyuma. Baba yake naye alikwishaondoka zamani kutafuta kazi ya mkonge na hakurudi, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Tereza hakujua kusoma, lakini alipenda mno kusomewa. Wajukuu wakirudi na kitabu cha shule huketi nao mkekani, amenyoosha miguu, na ukiruka mstari anajua. Hilaria alimwona kabisa amekaa hivyo, kitabu chenye jina la binti yake kimefunguliwa, na mtoto anasoma kwa sauti: mama mdogo alikuwa anatwanga.

Alijaribu. Aliketi mezani, akafuta mama, akaandika mama mdogo, ukurasa mmoja, miwili. Wa tatu kalamu ikagoma, au mkono. Akarudi barazani.

"Hilo sitaliweza, kaka. Niambie njia nyingine."

Bwana Celestin alimtazama usoni, akaacha kubishana. "Basi wape majina wote wawili. Huyu wa pili, mbele huko majirani wanamwita Mama Rosa. Na wa kwanza, huyu aliyezikwa, anaitwa nani?"

Hilaria alifungua kinywa. Miaka thelathini na mitatu, mwalimu daraja la tatu A, anajua mito ya Tanzania yote na milima yake, na jina la mwanamke aliyemzaa hakulijua.

"Ni hadithi, unaweza kubuni," alisema Bwana Celestin taratibu.

Angeweza. Lakini aliona aibu kumbandika marehemu jina la kuokota, kama mtoto wa paka. Na muda nao ulikuwa umembana: madaftari yanakusanywa Jumamosi saa nne, na asiye tayari, basi. Aliomba karatasi akaandika barua, akachana, akaandika tena, akachana. Ya tatu ilikuwa fupi: "Mama, shikamoo. Huku sijambo. Naomba unijulishe jina la dada yako. Ni kwa ajili ya kazi. Mwanao, Hilaria." Kwa ajili ya kazi! Hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu anavyojificha.

Makoye, dereva wa lori la mpunga, alikuwa anakwenda Usevya jioni ileile. Aliiweka barua kwenye mfuko wa shati. Lori lilipopotea kwenye vumbi Hilaria alitamani alikimbilie aichukue. Alikumbuka kwamba Tereza hawezi kuisoma mwenyewe. Itabidi asomewe na Katekista Manyanda, mtu mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Mtaa mzima utasikia mwalimu anaulizia jina la mama aliyemzaa.

Jumanne hakuandika hata mstari. Jumatano mchana Makoye alirudi, na Hilaria alimfikia kabla hajazima injini.

"Barua umempa?"

"Nimempa. Katekista akamsomea palepale, mimi nimesimama."

"Akasemaje?"

Makoye alijikuna shingo. "Hakusema kitu, mwalimu. Alikuwa anapepeta mpunga. Akauweka ungo chini, akaingia ndani. Nimengoja, nikapiga honi, hakutoka. Nikasema labda anaandaa majibu. Hata!"

Ungo chini, akaingia ndani. Hilaria aliziona zile karanga, na kuku. Alikaa kwenye ngazi ya hosteli akalia mchana kweupe, na Minza, ambaye kwa kawaida hakosi mzaha, alikaa kando yake akamfukuzia nzi tu. Alijuta kuja warsha. Alijuta kujua kuandika. Alimwambia Minza kwamba Jumamosi hatakusanya kitu, atachukua madaftari yake akayawashie moto wa maharage, maana kitabu gani hicho cha kumvunja moyo mzee wa watu?

"Usichome," Minza alisema. "Mie naumwa kichwa na hadithi ya ng'ombe wangu hapa siku ya tisa, na sijachoma."

Alhamisi ilipita hivyohivyo. Aliandika, kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kufanya, lakini kila lori lililonguruma barabarani lilimwinua kitini.

Ijumaa saa sita wako mezani, mpishi aliingia akasema kuna bibi nje anamtafuta mwalimu. Hilaria aliangusha kijiko. Tereza alikuwa amesimama uani, khanga zimejaa vumbi la njia nzima, mkono umevimba alikoumwa na mbung'o lori lilipopita mbugani, na kikapu cha karanga kichwani. Safari ya kukaa juu ya magunia, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hawakupi chakula hawa?"

Aliletewa ugali barazani, akanawa, akala bila haraka. Hilaria alikaa mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alianza sentensi ya kuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili Tereza alimwambia amwache ale. Alipomaliza akanyoosha miguu.

"Nionyeshe hicho kinachokufanya uniandikie barua badala ya kuniuliza."

Hilaria alileta daftari. Akalifungua ukurasa wa kumi na nne.

"Hiyo nyekundu ni nini?"

"Ni makosa, mama. Amesahihisha mwalimu wetu."

"Kosa gani? Hili hapa."

"Hapo mama anamwita mtoto. Nimeandika anavyoita mara mbili. Kama wewe. Sasa mwalimu amekata moja, anasema mara moja inatosha."

Tereza aliinamia karatasi. Kusoma hakujua, lakini mstari mwekundu haukuhitaji kisomo. Aliuweka kidole juu yake.

"Amemkata huyu wa pili?"

"Ndiyo."

"Basi huyu ndiye uliyemuulizia kwenye barua."

Hilaria hakuelewa. Tereza akaona hakuelewa, akavuta pumzi.

"Dada yangu aliitwa Hilaria. Alipokufa wewe ulikuwa hujabatizwa, tulikuwa tunakuita Katoto tu. Padre akaja, akauliza jina la mtoto, nikasema Hilaria. Akauliza jina la mama, nikasema Tereza. Nilimdanganya padre, na Mungu ananijua. Nilitaka mtoto wangu, na nilitaka dada yangu asipotee. Sasa nitamtajaje, na jina nimekupa wewe? Nikawa nakuita wewe, halafu namwita na yeye. Kila siku. Nilidhani umeshagundua, wewe si mwalimu?"

"Makoye alisema uliingia ndani."

"Niliingia kutafuta khanga ya safari. Jambo kama hili namwambiaje Manyanda aandike? Lile lori halina subira, nikatoka limekwenda. Nimengoja lirudi hadi leo."

Hilaria alilia, safari hii bila hofu ndani yake, na Tereza akamwacha alie. Baadaye akamwambia apanguse kamasi, watu wazima wanapita.

Saa tisa Makoye alipiga honi. Mpunga ulikuwa uwanjani haujapigwa, Tereza hakuweza kulala mjini. Walimpandisha juu ya magunia matupu, akajifunga khanga kichwani. Bwana Celestin alikuwa ametoka barazani kuaga, na Hilaria alisimama kando yake, daftari mkononi, kalamu yake ya bluu katikati ya kurasa. Dina wa pili alikuwa amekwisha kurudishwa mahali pake, kwa mwandiko mkubwa kuliko ule wa kwanza, na ukurasa wa tisa marehemu alikuwa amepewa jina hilohilo, Dina. Bwana Celestin alikuwa ameuona na kuusoma, na hakuuliza.

Lori lilianza kusogea. Tereza aligeuka akiwa juu, akaweka mkono mdomoni.

"Hilaria!"

"Bee, mama!"

"Hilaria!"

Miaka yote hiyo wito wa pili ulikuwa unapita bila jibu, maana nani huitika mara mbili? Hilaria alishusha daftari. Sauti ilitoka, na Tereza aliisikia, maana alijishika kifua kwa mikono yote miwili akaacha kuita.

"Bee," alimwitikia mama yake aliyemzaa.